Sukari Guru ya Landless

Katika nchi za juu, hasa pande za Thika, Murang'a na Kiambu, sukari guru haina jina jema. Watu wengi wa huko huiita sukari nguru. Ni sukari isiyosafishwa, yenye rangi ya udongo, itokanayo na maji ya miwa yaliyochemshwa hata yakagandamana. Nayo hutoka zaidi magharibi ya Kenya, ambako viko vinu vidogo vya kukamulia miwa. Anunuaye kipande kimoja kwa ajili ya uji wa watoto hasemwi na mtu. Lakini anunuaye kilo nyingi kwa mara moja hutazamwa kwa jicho la pembeni, maana hakuna asiyejua kwamba wapikao chang'aa hutumia sukari hiyo hiyo. Mwanamke mmoja wa Landless alinunua kilo 12 katika mwezi wa Aprili mwaka 2016, na nusura zimwondolee riziki yake.

Landless ni mtaa ulio nje kidogo ya mji wa Thika, kando ya barabara iendayo Garissa. Jina lake ni la Kiingereza, na maana yake ni watu wasio na ardhi. Mgeni hucheka asikiapo kwamba siku hizi wenye nyumba wa Landless wana viwanja na hati zake, na kwamba bei ya kiwanja huko si ya maskini tena. Lakini yeye hakuwa na kiwanja. Alipanga vyumba viwili vya mabati, na killa asubuhi, kabla ya jua kutoka, alikuwa kando ya barabara na jiko lake la makaa, akipika vitumbua.

Watu wa bara wengi hawapiki vitumbua. Wao hujua mandazi na chapati. Huyu alijua kwa sababu alizaliwa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, ambako baba yake alifanya kazi bandarini. Jirani yao alikuwa mama mmoja wa Kidigo, na kwa mama huyo ndiko alikojifunza, tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani, jinsi ya kukuna nazi juu ya mbuzi, kukamua tui kwa kifumbu, na kutenga tui la kwanza lililo zito na la pili lililo jepesi. (Watoto wa Landless waliposikia mara ya kwanza kwamba ana mbuzi chumbani, walikuja kumtazama, wakaonyeshwa kigoda chenye ulimi wa chuma. Walikwenda zao wamekasirika.)

Mwezi wa Agosti mwaka 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na baada yake watu wa kutoka bara wakashambuliwa na kufukuzwa, nyumba zao zikachomwa. Watu wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia. Yule mama wa Kidigo aliwaficha jirani zake chumbani mwake usiku mmoja. Asubuhi aliwatoa kwa mlango wa uani, akampa msichana chuma cha vitumbua kilichofungwa katika leso, na maneno machache tu: kwamba mwenye chuma halali njaa. Chuma hicho kina mashimo 7, na kimekuwa cheusi kama mkaa. Ndicho alichofika nacho Thika akiwa na umri wa miaka 20, pamoja na wazazi wake na mfuko mmoja wa nguo.

Kwa miaka mingi kilimlisha. Mchele huroweshwa usiku, husagwa pamoja na tui, iliki na sukari, hutiwa hamira kidogo, kisha uji huo mzito huachwa uumuke. Alfajiri killa shimo hutiwa tone la mafuta, kisha uji, na kitumbua hugeuzwa kwa kijiti kikiwa bado laini juu. Kazi ni kukigeuza kwa wakati wake. Kikigeuzwa mapema hupasuka. Kikicheleweshwa huungua chini na kubaki kibichi ndani. Mwaka 2016 aliuza kimoja kwa shilingi 10, na siku njema aliuza 200, kwa makarani waendao kazini, makondakta wa matatu, na vibarua wa mashamba ya mananasi. Mwanawe wa kwanza alikuwa kidato cha pili.

Mwanzoni mwa mwaka huo alikuja kwake bibi mmoja wa kigeni, amevaa kanzu ya rangi ya manjano, akiongozwa na mtumishi wake wa nyumbani aliyeishi hapo Landless. Mtumishi huyo alikuwa amempelekea bibi yake vitumbua vitatu katika karatasi, na bibi alipovionja hakutaka kusikia neno lingine ila apelekwe vinakotoka. Alifika, akainama, akakitazama kile chuma. Kisha akaanza kuhesabu mashimo kwa kidole, karibu aungue. Machozi yakamtoka.

Alikuwa Mtamil wa Sri Lanka, na mume wake Msinhala, msimamizi wa mafundi wa kushona nguo katika kiwanda kimoja. Kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili alichokuwa amekwisha kuokota sokoni, akaeleza kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa na chuma kama hicho hicho, na kwamba Watamil hupikia ndani yake kitu kiitwacho paniyaram. Nacho hutokana na mchele uliorowekwa na kusagwa, ila wao huusaga pamoja na dengu nyeupe, huuacha uchachuke, na wakitaka kiwe kitamu hutia sukari guru mahali pa sukari nyeupe. Cha bibi yake kilipotea wakati wa vita. Vita vya Sri Lanka, baina ya serikali na wapiganaji wa Kitamil, vilianza mwaka 1983, vikaisha mwaka 2009, na huyu bibi alikuwa ameishi ndani yake tangu kuzaliwa. Jinsi alivyokuja kuolewa na Msinhala ni hadithi ambayo hakuisimulia kando ya barabara.

Hata hivyo alisema neno moja kabla ya kuondoka. Alimwita muuza vitumbua Akka, yaani dada mkubwa kwa Kitamil. Mtumishi alidhani ndilo jina la mwanamke huyo alilosahau kuuliza siku zote, akalieneza. Mpaka leo watoto wa pale humwita Aka.

Msomaji huenda akauliza, ni nani aliyemfundisha mwenzake, watu wa Pwani au watu wa Ceylon? Si rahisi kujibu, wala haifai kulijibu kwa kiburi. Bahari ya Hindi imekuwa njia ya majahazi kwa karne nyingi, na pepo za kaskazi na kusi hazikuchukua pembe na vitambaa tu. Mpunga, nazi na iliki vilipita njia hiyo, pamoja na watu waliojua kuvipika. Maneno nayo yalisafiri. Neno guru lenyewe ni la Kihindi. Halua, ambayo watu wa Mombasa, Lamu na Unguja huila pamoja na kahawa chungu, ina jina la Kiarabu. Na huko Sri Lanka kiko kitamutamu cha unga wa mchele uliokaangwa, kikakandwa na asali ya mnazi mwitu na kukatwa kama almasi, nacho huitwa aluwa. Mapishi ni mbali, jina ni ndugu. Hata watawala walifuatana. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, na Wareno wenzake wakafika Ceylon mwaka 1505. Hapa wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Kule wakakaa pwani mpaka Waholanzi walipowatoa mwaka 1658. Waholanzi hao ndio wasemekanao kuacha jina la kokis, kinachofanana na ua la kukaanga, maana kwao biskuti huitwa kwa neno la namna hiyo. Mwisho Waingereza wakatawala pande zote mbili. Ceylon ikapata uhuru mwaka 1948, ikabadili jina na kuwa Sri Lanka mwaka 1972.

Mwaka Mpya wa Wasinhala na Watamil huangukia tarehe 13 na 14 Aprili, jua linapoingia, kwa hesabu ya wanajimu wao, katika nyota ya Kondoo. Ni siku kuu ya makabila yote mawili, Wabudha na Wahindu, nalo ni jambo la kuangaliwa katika nchi iliyopigana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka zaidi ya 25. Baina ya mwaka wa zamani na mpya zipo saa kadhaa ambazo kazi yote husimama na moto hauwashwi. Kisha, kwa saa iliyowekwa, mama wa nyumba huwasha jiko, hubandika chungu kipya cha maziwa, na kuyaacha yachemke hata yafurike na kumwagika. Kwetu maziwa yakimwagika mtoto hukemewa. Kwao ni heri ya mwaka mzima. Watamil wanayo siku nyingine, katikati ya Januari, ambayo jina lake, Pongal, maana yake ni huko kufurika, na wali wa siku hiyo hupikwa na maziwa na sukari guru.

Kwa kuwa moto huzimwa, vitamu vyote hutayarishwa kabla. Meza huwekwa wali wa tui la nazi uliokatwa vipande, ndizi mbivu, kokis, aluwa, na kavum. Kavum ni unga wa mchele uliochanganywa na asali ya mnazi mwitu na kumiminwa katika mafuta moto. Mpishi husimamisha kijiti katikati na kukizungusha, mpaka kitamu chenyewe kinaota kishungi juu kama nywele zilizofungwa. Tena kuna dodoli, na hii ndiyo iliyoleta shida Landless.

Yule bibi wa Kitamil hakuwa na ndugu yeyote Thika. Nyumba yake ya kupanga ilikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili. Alimwomba Akka wapike pamoja uani kwake, wagawane, na kilichozidi kiuzwe barabarani. Asali ya mnazi mwitu, waiitayo kithul, haipatikani Thika. Wakapatana kutumia sukari guru. Akka akaenda mjini, akanunua kilo 12, na nazi 20, akarudi na matatu ya mchana mbele ya macho ya watu wote, mzigo umefungwa kwa gunia.

Wakati huo ulikuwa mbaya kwa mzigo wa namna hiyo.  Mwezi wa Julai mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amewaamuru viongozi wa sehemu za kati kuziangamiza pombe haramu zilizokuwa zikiua vijana, na maghala yalivunjwa, pombe zikamwagwa mitaroni. Wake waliozika waume zao hawakuwa na huruma na mpishi yeyote, na hakuna awezaye kuwalaumu. Kabla ya jioni habari ilikuwa imezunguka mtaa wote: kwamba mama wa vitumbua ameingia katika kazi ile nyingine, na kwamba mshirika wake ni Mhindi mwenye fedha.

Tena dhana hiyo ina mizizi ya kale. Kwa Wakikuyu wa zamani utamu haukuwa kitu cha watoto. Asali ilikuwa ya wazee. Ilikwenda katika pombe ya ruracio na ya baraza. Miwa ilipokamuliwa, maji yake yalikwenda katika muratina. Viazi vitamu na ndizi vilitosha kwa nyumba. Kwa hiyo mtu wa huko aonapo utamu mwingi mahali pamoja, akili yake huona pombe kabla ya kuona sahani. Mtu wa Mombasa katika hali hiyo hiyo angeuliza, arusi ni ya nani?

Siku ya pili Akka aliuza vitumbua 110. Siku ya tatu 60. Kondakta mmoja aliyekuwa akinunua 10 killa siku alipita akitazama upande wa pili. Katika chama cha kina mama wa kanisa lake, ambako alikuwa mweka hazina, aliombwa kwa upole alete daftari na kisanduku, ati yaangaliwe. Alivileta. Hesabu ilikuwa sawa, walakini kisanduku hakikurudishwa. Shule ilikuwa ifunguliwe mwanzoni mwa Mei, na karo haijatimia. Angeweza kwenda kwa jirani mmoja mmoja akieleza habari za Sri Lanka na mwaka wao mpya. Lakini ni nani angeamini? Hadithi ya kweli ikiwa ngeni mno husikika kama uwongo uliotungwa vibaya.

Tarehe 9 Aprili, jioni, mvua ya masika ikinyesha, walibandika sufuria kubwa chini ya paa la mabati uani. Tui la nazi 10 lilitiwa pamoja na unga wa mchele, na sukari guru iliyoyeyushwa na kuchujwa, maana ile ya kwetu huwa na makapi na mchanga. Dodoli hukorogwa bila kupumzika. Saa ya kwanza ni uji. Saa ya pili ni ugali mwepesi, na mkono huanza kulalamika. Baadaye mafuta ya nazi hutengana na kupanda juu, mchanganyiko hung'aa na kuwa mweusi, na hapo mwiko hauwezi kuachwa hata kwa kupenga kamasi, maana utaungua chini na kazi yote kupotea. Wajuao halua wataelewa, kwani nayo hukorogwa kwa saa nyingi hivyo hivyo, na mpishi wake hujulikana kwa mabega yake.

Moshi ulionekana, na harufu ya sukari guru ikienda mbali katika unyevu wa mvua. Kama saa tatu ya usiku ikasikika hodi. Alikuwa mzee wa Nyumba Kumi, mpango ule wa ulinzi wa majirani ulioanzishwa na serikali mwaka 2013, pamoja na vijana wawili wenye tochi.

"Mama," akasema, "nimeambiwa hapa kuna kitu kinapikwa."

"Ni kweli, mzee wangu, kinapikwa, tena mkono umenichoka. Karibu ushike mwiko."

Mzee hakutazamia jibu hilo. Alimulika sufuria. Alimulika pembeni, akitafuta pipa na mpira. Hakuna. Aliona vifuu vya nazi, mbuzi, kifumbu, na bibi wa kigeni aliyejifunga leso kiunoni, jasho likimtiririka. Akauliza, "Na hiki hulewesha?"

Bibi wa Kitamil hakusubiri kutafsiriwa. "Hapana, baba," akajibu. "Hunenepesha."

Wale vijana walicheka mpaka tochi zikayumba. Mzee akavua koti, akashika mwiko. Alikoroga kwa muda wa nusu saa, kwanza kwa heshima, kisha kwa nguvu, na aliposhindwa akampa kijana mmoja, naye akampa mwenzake. Ilipoiva, ilimiminwa katika sinia iliyopakwa mafuta. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alikuwa amemkataza vitu vyote vya namna hiyo. Alikaa akiitazama sinia kwa muda mrefu. Hatimaye alilamba ncha ya mwiko, mara moja tu, akasema kwamba hiyo ilikuwa kazi ya uchunguzi.

Haikuwa kwamba kesho yake mambo yote yakatengemaa. Mzee alisema ukweli, lakini ukweli hauna miguu kama uvumi. Ilichukua mpaka tarehe 14, vipande vya dodoli na kokis vilipowekwa mezani kando ya vitumbua, bila bei, killa mpitaji achukue kimoja. Wengine walinusa kwanza. Mwalimu mmoja aliipeleka ya kwake darasani. Kufikia mwisho wa mwezi Akka alikuwa akiuza 150, na karo ilipatikana, ingawa sehemu yake ilikuwa deni kwa yule bibi, aliyelitoa bila kuombwa na kukataa kuandikiana. Mwenyekiti wa kina mama hakuomba radhi. Alimtuma mtoto wake na sufuria yenye kifuniko kuagiza vitumbua 30 vya mkutano, na ndani ya sufuria kilikuwamo kile kisanduku cha hazina. Yule kondakta hakurudi kamwe.

Familia ya Sri Lanka iliondoka mwaka 2018, mkataba wa kazi ulipokwisha. Bibi alitaka kununua chuma cha mashimo 7. Hakukiomba kile cha Likoni, kwa kuwa alijua habari yake. Fundi mmoja wa jua kali mjini Thika akamtengenezea kingine kwa kukitazama cha kwanza, kizito kupita kiasi, na shimo moja limepinda. Akakifunga katika nguo za watoto ndani ya sanduku la ndege. Naye akamwachia Akka kile chuma cha kokis, ua dogo la shaba juu ya fimbo ndefu.

Akka angali pale kando ya barabara ya Garissa. Kokis huzipika Krismasi na Idi, kwani huko Landless wako Waislamu pia, na watoto huzigombania. Dodoli huipika mara moja kwa mwaka, mwezi wa Aprili. Siku ya kununua sukari guru hapandi matatu mpaka mwisho wa safari. Huteremka kituo kimoja kabla, huyatoa mabonge ndani ya gunia, huyapanga katika ungo, na kutembea nayo kichwani mtaani mwote mchana, polepole, akiwaamkia watu.